Mawe Yaliyokunywa Maji Mwaka Mzima

Modeste, mtoto wa Annonciata, aliungua kwa uji katika parcelle yangu, ndani ya ua wa nyumba yangu, akafa. Hakuwa akichezea moto. Hakuna mtu aliyemsukuma. Jiwe moja kati ya yale matatu yaliyobeba sufuria lilipasuka kama bomu, na jiwe hilo alilitengeneza binti yangu Charline kwa mikono yake, kwa ajili ya masomo yake.

Naandika kwa sababu hapa Murara, mtaa wetu wa Goma, kila mtu amekwisha kulisimulia jambo hili kwa namna yake. Wapo wanaosema ilikuwa grenadi iliyosahauliwa na askari. Wapo wanaosema nilizika dawa chini ya mafiga ili maharagwe yangu yauzike. Hakukuwa na grenadi wala dawa. Kulikuwa na maji ndani ya jiwe. Nitaeleza kama nilivyoelezwa.

Jina langu ni Kambere. Nauza maharagwe. Shule niliiacha darasa la tano kule Butembo, baba alipokufa, na sina la kulia juu ya hilo. Maharagwe hayamuulizi mtu diploma. Lakini Charline, mzaliwa wangu wa kwanza, alipenda shule kama wengine wanavyopenda kucheza muziki. Nikamlipia. Akafika mwaka wa mwisho wa ujenzi katika institut moja hapa mjini. Mwaka huo mwanafunzi hakai tena darasani sana. Anatafuta swali lake mwenyewe, analifanyia utafiti, anaandika mémoire, kisha anasimama mbele ya jury kuitetea.

Swali lake lilitoka katika nyumba yetu ya kwanza. Volkano iliimeza mwaka 2002, yeye akiwa bado msichana mdogo. Tuliporudi tulikuta lava nyeusi mahali pa vitanda, ingali na joto. Mama yake alikaa chini akalia. Charline alizunguka ile lava akaigonga kwa fimbo, akaniuliza:

"Papa, hii kitu iko na nguvu hivi, juu ya nini hatujengi nayo?"

Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza, alingoja tu akue. Alipofika mwaka wa mwisho alitaka kuchukua majivu ya volkano, yale tunayoyakanyaga bure, ayasage, ayachanganye na saruji ili saruji ipungue. Saruji inatoka mbali, na mtu wa hali ya chini hapa Goma anajenga kwa mbao mpaka anakufa. Charline alitaka kuonyesha kwamba béton, yaani zege, ya majivu inasimama.

Kwanza ilimbidi apite bibliothèque. Mama Apolline, anayetunza vitabu pale, hakubali mwanafunzi aanze kazi kabla hajaona waliomtangulia walisema nini. Alipekua rafu zake akamtolea mémoire moja ya zamani, mende wamekwisha kula pembe zake. Aliyeiandika alijaribu majivu hayo hayo akasema ni dhaifu, hayafai. Charline aliisoma yote akarudi nyumbani anacheka.

"Huyu alikuwa na haraka," aliniambia. "Alivunja mawe yake kisha mwezi moja. Majivu haina haraka, Papa. Inakaza pole pole."

"Unataka kungoja mpaka lini?"

"Mwaka mzima. Ndani ya maji."

C.T. Fortunat, C.T. ikiwa ni cheo cha walimu wa institut, mtu wa kutoka upande wa Bukavu aliyekuwa akimwongoza, alimcheka. Walipofika kwangu kuangalia mahali pa kuweka hayo mawe, alimwambia mbele yangu:

"Mwaka mzima! Wenzako watakuwa wamekwisha kudefandre mémoire zao, wameolewa na wamezaa."

"Wazae tu, C.T. Nitawapelekea sabuni ya mtoto."

Akacheka tena, lakini akakubali. Mtu mwembamba, mwenye koti moja. Alipenda kazi ile. Hilo sitamnyima.

Majivu Charline aliyasaga katika kinu cha mama yake. Mke wangu Victoire alikasirika wiki nzima, maana sombe, majani yetu ya muhogo, ilitoka na mchanga. Kisha akamimina béton katika visanduku vya chuma alivyoazima maabara, na mawe yakatoka ya mraba, yote sawasawa, pande zote laini kama meza. Aliyapanga katika bassin ya matofali nyuma ya nyumba, akajaza maji. Kwa nini kwangu? Kwa sababu bomba la institut lilikuwa kavu, na béton ya namna ile inataka maji wakati wote ili ikaze. Hapa kwetu maji yanapandishwa kutoka ziwani kwa bido, yale madumu ya plastiki, juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, au mgongoni. Victoire alikuwa akisema:

"Mawe yako yanaoga kuliko baba yako."

"Mawe yangu yatapata diploma, Mama. Papa je?"

Tulicheka. Nyumba ilikuwa na vicheko wakati ule.

Kila baada ya miezi kadhaa alitoa machache, akayapeleka maabara kwenye mashine ya kuponda, wanayoiita presse. Mashine inalikandamiza jiwe mpaka linavunjika, na namba inasema lilivumilia kiasi gani. Namba zilipanda. Mwanzoni mawe ya majivu yalishindwa na mawe ya saruji tupu aliyoyatengeneza ya kulinganisha. Halafu yakakaribia. Yakabaki sita ya mwisho, ya kuvunjwa yakitimiza mwaka, na hayo ndiyo yangemjibu yule wa zamani mwenye haraka. Mwaka ulitimia Novemba 2012.

Wanaokaa Goma hawana haja niwakumbushe Novemba ile.

Vita vya waasi vilikuwa vimeanza kushuka kuelekea mjini tangu Julai, Bunagana kwanza, kisha Rutshuru. Huko Rutshuru ndiko nilikokuwa nanunua maharagwe, kwa mkulima mmoja anaitwa Ntirenganya. Alikuwa mtu wa maneno machache na mizani ya kweli. Miaka yote tuliyofanya biashara sikuwahi kupima mara ya pili gunia lililotoka kwake. Alikimbia na mke wake Annonciata na watoto, wakakaa kwenye kambi kaskazini ya mji, chini ya maturubai. Nilikuwa nikiwapelekea chumvi na unga. Modeste alikuwa wa mwisho wao, bado anatembea kwa kuyumba, tumbo mbele kama chef de poste, bwana mkubwa wa serikali.

Siku kambi ilipovunjika, watu wote waliingia mjini kwa miguu pamoja, na godoro, na mbuzi, na wagonjwa. Asubuhi hiyo Charline alikuwa ametoa mawe yake sita majini. Aliyafuta kwa kitambaa, akayapanga chini ya mabati kungoja mtu wa chukudu ayapeleke maabara. Mtu wa chukudu hakuja. Upande wa uwanja wa ndege risasi zilikuwa zinalia. Charline akaniambia anakwenda institut kwa miguu kuona kama groupe, mashine yao ya umeme, bado ina mafuta ya kuendesha presse.

"Una akili?" nilimwuliza. "Mji unaanguka, wewe unafikiri presse?"

"Papa, yametimiza leo. Kesho itakuwa siku nyingine."

Akaenda. Mimi nilikwenda depo kufunga magunia yangu vizuri. Kila mtu alikuwa na mawe yake.

Tulikutana kwenye kona tukirudi. Institut ilikuwa imefungwa, mlinzi amekimbia. Tulipoingia getini tukakuta uwanja umejaa watu. Ntirenganya alikuwa amekaa juu ya godoro lililolowa, Annonciata alikuwa anakoroga uji katika sufuria yetu kubwa ya sikukuu, na watoto walikuwa wanazunguka. Chini ya sufuria kulikuwa na mawe matatu ya Charline, na moto wa mbao za masanduku unalamba pande zote.

Victoire alitupokea akiwa anatabasamu, jasho usoni.

"Wageni wako wamefika, Papa Charline. Mbabula yetu ya makaa iko na maharagwe juu, nikawapa mafiga. Yale mawe ya lava yanayumba, yatamwaga chakula ya watu. Nimewapa yale mazuri."

Hakufanya kosa kwa ubaya. Kwetu mgeni aliyekimbia vita hapewi jiwe bovu. Unampa moto, unampa sufuria, unampa mahali sufuria itakapokaa imara. Aliona mawe yametolewa majini, yamefutwa. Alidhani kazi yao imekwisha.

Nilimtazama Charline. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilidhani analilia mémoire. Nikasema moyoni, mwaka mzima umeingia jikoni, maskini. Yeye alikwenda polepole mpaka karibu na moto, akainama kwa heshima, mikono pamoja.

"Mama Annonciata, pole na safari. Naweza kubadilisha haya mawe? Nitakuletea mengine."

Annonciata akacheka. Alikuwa mama wa kucheka, hata siku ile.

"Mutoto wangu, uji iko karibu. Bano batoto hawajakula tangu jana. Ngoja iive, kisha utachukua mawe, utachukua na jiko yote, na mimi mwenyewe unipeleke!"

Watu wakacheka. Charline naye akacheka kidogo. Ukoo wetu una sheria moja ya zamani: sufuria ya mgeni haiondolewi motoni. Ukiiondoa ni kama umemwambia arudi alikotoka. Na wale walikuwa hawana walikotoka. Charline alisimama pale akitazama yale mawe. Akasema tu:

"Basi watoto wakae mbali na moto."

Alisema mara moja. Akamshika Modeste mkono akampeleka kwa baba yake, kisha akaingia ndani. Mimi nilikaa na Ntirenganya kuuliza habari za njia.

Modeste alisikia harufu ya uji akarudi.

Sikuona jiwe likipasuka. Nilisikia. Watu wote walilala chini, tukidhani ni bomu, hata Ntirenganya alinirukia kunikinga. Tulipoinua vichwa, sufuria ilikuwa imepinduka, moto umezimika nusu, vipande vya jiwe vimetawanyika mpaka ukutani. Modeste alikuwa amekaa kitako katikati ya uji. Kwanza hakulia. Kisha alilia.

Tulimkimbiza hospitali, mimi na baba yake tukipokezana kumbeba. Huko kulikuwa kumejaa watu waliopigwa risasi, mpaka kwenye mlango. Walitupokea, walimfunga bendeji, walimpa walichokuwa nacho. Walichokuwa nacho siku ile kilikuwa kidogo. Alikufa asubuhi moja, wakati mji ulikuwa umekwisha kuingia mikononi mwa waasi na barabara zimetulia kwa woga.

Tulimzika katika lava. Ardhi ya hapa haichimbwi kwa jembe, inapigwa kwa mtaimbo. Ntirenganya hakukubali nimsaidie mpaka mikono yake ilipotoka damu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana kifo cha mtoto katika vita ni huzuni, lakini kila nyumba hapa inacho chake. Jambo lenyewe ni Charline.

Familia ile ilibaki kwetu. Charline alimpa Annonciata kitanda chake, akalala chini. Alimfulia nguo. Alimchana nywele. Annonciata alikuwa hali, ila Charline akimlisha anakula. Alimwita mutoto wangu. Aliniambia siku moja, "Papa Charline, Mungu amechukua mumoja, lakini huyu musichana wako amenishika nisianguke." Nilimwambia Charline maneno hayo nikidhani yatampa nguvu. Akatoka nje mbio.

Nilimfuata.

"Una nini?"

"Nilijua, Papa."

"Ulijua nini?"

"Jiwe likikaa ndani ya maji mwaka mzima linajaa maji. Ukilipasha moto haraka, maji inakuwa mvuke. Tulisoma. Nilipoona moto ule nilijua inaweza kupasuka. Nikaona haya. Nikaona haya kumutolea mama wa watu sufuria, watu wote wanacheka. Nikasema labda haitapasuka."

Victoire alikuwa mlangoni, alisikia yote. Akamshika binti yake mabega.

"Mimi ndiye nilitoa yale mawe, si wewe. Na hautamwambia. Unasikia? Itamrudisha Modeste? Utamuua mama yake mara ya pili."

Sikumpinga mke wangu. Niliona Victoire ana haki, na bado sijui kama hakuwa nayo. Charline naye alikubali. Toka siku hiyo nilikuwa namtazama kama mtu anayebeba bido lililojaa, unaona tu litamwagika, hujui wapi. Nilitaka kitu kimoja tu: huzuni hii impite, arudi kwenye vitabu vyake, awe Charline.

Desemba, njia zilipofunguka, C.T. Fortunat akaja. Alikuja kuona kama mwanafunzi wake yuko hai. Alikumbatia Charline, akatupa mkono sisi wote. Annonciata alikuwa amekaa kando anachambua maharagwe yangu. C.T. hakumjua, alimsalimu kama anavyosalimiwa mtu wa nyumbani.

"Na mawe?" aliuliza.

Charline akamwonyesha. Matatu yaliyobaki yalikuwa bado chini ya mabati. Vipande vya lile lililopasuka nilikuwa nimevifagia kwenye kona, sikuwa na moyo wa kuvigusa zaidi. Charline akamweleza kwa Kifaransa, kwa maneno machache, yaliyotokea. Sijui alimweleza kiasi gani. C.T. alichuchumaa kwenye kona. Akaokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akakigonga kwa ukucha. Akaokota kingine. Nikaona uso wake unafunguka. Aliingia katika Kifaransa cha darasani, haraka haraka, anamwonyesha Charline pale jiwe lilipoachia. Mimi Kifaransa changu ni cha sokoni. Nilishika neno moja moja tu. Annonciata hakushika hata moja.

Akaweka chini ungo wa maharagwe.

"Huyu papa anasema nini?"

Victoire akasema upesi:

"Anatoa pole, mama. Anatoa pole ya mutoto."

Annonciata akamtazama C.T., aliyekuwa bado ameshika kipande cha jiwe kama mtu aliyeokota almasi.

"Pole inatolewa hivi?"

Charline akageuka. Akapiga magoti mbele ya Annonciata, kwenye mchanga wa lava.

"Hapana, mama. Hatoi pole. Anasema béton ya kawaida iko na vinjia vidogo ndani, mutu hawezi kuviona. Ukiipasha moto, mvuke unatoka kwenye vile vinjia. Anasema haya mawe yangu yalikaza sana. Majivu iliziba vinjia vyote. Mvuke ulikosa njia, ndiyo maana ilipasuka kwa nguvu ile."

"Charline," alisema mama yake.

"Anasema ni vizuri."

"Vizuri gani?" Annonciata aliuliza.

"Vizuri kwa mémoire. Inaonyesha nilikuwa na haki."

C.T. alikuwa amesimama. Kiswahili anakijua kama sisi.

"Charline, si vile nilisema."

"Ni vile ulisema, C.T."

C.T. akainama. Kile kipande alikirudisha chini, polepole, mahali alipokiokota, akafuta mikono kwenye koti.

Annonciata aliendelea kumtazama binti yangu.

"Na wewe ulijua hayo wakati uji iko motoni?"

"Nilijua, mama."

Ntirenganya alikuwa amekuja kutoka nyuma ya nyumba na kuni mkononi. Alisikia. Aliweka kuni chini, ukuni mmoja baada ya mwingine, bila kelele.

Halafu Annonciata akasema, bila kupandisha sauti:

"Uliniomba yale mawe kama mutu anayeomba chumvi kwa jirani. Juu ya nini hukupiga kelele? Ungenitukana. Ungemwaga uji. Ungenipiga hata kofi, mimi ni mukubwa kwako, ungenipiga. Tusi ningekusamehe kabla ya jua kuzama."

Charline aliinamisha kichwa mpaka chini, kwenye miguu ya yule mama. Annonciata akavuta miguu yake.

Akaenda kwenye kamba, akaondoa nguo za watoto zingali mbichi, akazikunja hivyo hivyo na maji yake. Victoire alimfuata anamsihi, mvua inakuja, wangoje kesho. Ntirenganya akafunga godoro. Alinipa mkono, maana ni mtu wa heshima, lakini mkono wake haukushika wangu.

"Aksanti kwa nyumba," alisema.

Walitoka kuelekea upande wa Mugunga, kwenye kambi nyingine. Victoire alikimbia nyuma yao na mfuko wa unga. Alirudi nao, umelowa. Alikaa kizingitini akamwambia Charline neno moja tu, "Umeona?" Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo tena kwa mtu yeyote.

C.T. alibaki amesimama getini mvua ikimnyeshea. Mwishowe akauliza kama anaweza kuchukua yale mawe matatu. Nilitaka kumtupia moja kichwani. Charline akasema:

"Chukua, C.T. Chukua na namba zote, na majivu iliyobaki. Usiniletee kitu."

C.T. aliyaponda katika presse kabla ya Noeli. Lakini majibu aliyaleta. Alikuja mwenyewe na karatasi, akaniambia mimi, kwa sababu Charline alikataa kutoka chumbani. Mawe ya majivu yalikuwa yameshinda ya saruji tupu, na si kwa kidogo. Yule wa zamani alikuwa amekosea, binti yangu alikuwa amepata. C.T. alisema jury iko tayari kumngoja hata mwaka, kwamba mémoire nzima ilikuwa imebaki sura moja tu. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Niligonga mlango wa chumba nikamwambia Charline kupitia mbao, "Umeshinda. Mawe yako yameshinda." Nilisikia kitanda kinalia tu, kama mtu anayegeukia ukuta.

Hakurudi institut. Nilimshauri, nikamgombeza, nikamletea paroko, nikamletea shangazi yake. Alisikiliza wote, akasema ndiyo kwa wote, asubuhi akabaki. Alianza kuogopa jiko. Sufuria ikichemka anatoka nje ya parcelle. Mara mbili alikwenda Mugunga kumtafuta Annonciata, mara mbili akarudi bila kusema kama alimwona. Mwezi wa tano nikampandisha kwenye gari la Butembo, kwa dada yangu, labda mahali pengine pangemfaa.

Miaka mitatu iliyopita nilisikia kuna makala imetoka juu ya majivu ya volkano. Nilikwenda bibliothèque mimi mwenyewe. Sikuwahi kuingia mahali pale. Mama Apolline, sasa nywele nyeupe, alinipa kiti, akaleta kile kitabu chembamba. Jina la C.T. lilikuwa juu, na la Charline pembeni yake. Hakumwibia. Nilimwomba Mama Apolline anisomee pale panaposema juu ya moto.

Alitafuta. Akasoma Kifaransa kwanza, kisha akanigeuzia Kiswahili:

"Sampuli moja, ikiwa imejaa maji, iliwekwa kwenye moto kwa bahati mbaya, ikapasuka."

"Endelea."

"Imekwisha hapo, Papa. Baada ya hapo ni namba."

"Mtoto je?"

Akageuza kurasa mpaka mwisho, kwa kunisaidia tu, alijua hayumo. Akafunga kitabu.

"Hapa hawaandiki hivyo, Papa."

Alinisindikiza mpaka nje. Nilimwambia anirudishie kitabu rafuni vizuri, kwa sababu hata hivyo ni kazi ya binti yangu.

Nimesikia watu wanasifu elimu na wengine wanailaani. Mimi silaani. Majivu yale yanakaza kweli, wameanza kujengea nayo shule moja upande wa Sake, nimeona kuta zake. Lakini nimezoea biashara, na katika biashara mtu hahesabu kilichoingia tu, anasema na kilichotoka.

Modeste alitoka, alikuwa hajajifunza kutamka jina la baba yake. Ntirenganya, rafiki yangu, alirudi shambani kwake na anauza maharagwe yake kwa mwingine. Tukipishana sokoni anaangalia viatu vyake. Mke wangu Victoire, aliyekuwa akimfungulia kila mtu geti, vita viliporudi na watu wakapita tena njiani na magodoro alibaki ndani akafunga dirisha. Ingénieur mmoja, ambaye Goma ilimhitaji, hayupo. Na Charline yuko Butembo, anauza vitambaa katika duka la dada yangu, mzima wa mwili, hakuolewa. Nikimpigia simu ananijibu vizuri, anauliza afya yangu na ya mama yake, kisha anangoja niseme kwaheri.